Kwa nini vidole hukusaliti mbele za watu: historia fupi ya hofu ya jukwaani

Tuseme umefanyia mazoezi wimbo mmoja kwa miezi miwili. Chumbani kwako gitaa linakutii kabisa, hata dada yako akipita mlangoni anasimama kidogo kusikiliza. Halafu inafika siku yenyewe: ibada ya Jumapili, harusi ya binamu, au tamasha la chuo. MC anataja jina lako. Unakaa, unaweka vidole kwenye nyuzi, na ghafla vidole si vyako tena. Viganja vimelowa jasho, mdomo umekauka, moyo unakwenda mbio kama umetoka kupanda ngazi za ghorofa nane, na mkono wa kulia unatetemeka kiasi kwamba una hakika hata waliokaa nyuma kabisa wanauona.

Ukirudi nyumbani unajiambia: "Basi, mimi sina kipaji."

Nimeandika makala hii kwa sababu ya sentensi hiyo. Wapo watu wengi waliouza gitaa lao kwa kuiamini. Hebu tuipime kwa historia, maana imewachukua wanasayansi miongo mingi kuelewa kinachotokea kwenye hiyo mikono yako, na majibu waliyopata hayahusu kipaji hata kidogo.

Jiwe la Tamalpais

Tuanze mwaka 1901. Mpiga selo mmoja kutoka Catalonia, Hispania, anayeitwa Pablo Casals, yuko ziarani Marekani. Ana miaka 24. (Selo ni ndugu mkubwa wa fidla, unaisimamisha katikati ya magoti na kuipiga kwa upinde.) Siku moja yeye na wenzake wanapanda mlima Tamalpais, karibu na San Francisco. Wakati wa kushuka, jiwe kubwa linaporomoka na kumponda vidole vya mkono wa kushoto. Huo ndio mkono unaobonyeza nyuzi. Kwa mpiga selo, ni kama mchezaji mpira kuvunjika mguu.

Unadhani wazo lake la kwanza lilikuwa lipi? Miaka mingi baadaye, katika kitabu cha kumbukumbu zake, Casals alisimulia kwamba alimshukuru Mungu. Sasa hatalazimika tena kupiga selo!

Soma tena hapo. Huyu ni mtu ambaye wengi wanamhesabu kuwa mpiga selo mkubwa kuliko wote wa karne ya 20. Hofu ilikuwa imemwandama tangu utotoni. Alipokuwa na miaka 14, akiwa njiani na baba yake kwenda kupiga onyesho Barcelona, alishtuka na kumwambia kuwa amesahau mwanzo wa wimbo. Baba akamtuliza, wakaenda, akapiga.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika pembeni: hofu na kipaji vinaweza kukaa nyumba moja, tena maisha yote.

Tezi mbili juu ya figo

Mwaka huohuo wa 1901, upande wa pili wa Marekani, mkemia Mjapani aliyeitwa Jokichi Takamine alitangaza kwamba maabara yake ya New York imefanikiwa kutoa kemikali safi kutoka kwenye tezi ndogo zinazokaa juu ya figo za wanyama. Aliiita adrenalini. Bila shaka Casals hakuwa na habari. Lakini kitu kilichokuwa kikimtesa kila alipoelekea jukwaani kilikuwa ndiyo kwanza kimepewa jina.

Aliyeonyesha kazi ya kemikali hiyo wakati wa hofu ni Walter Cannon, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard. Katika kitabu chake cha mwaka 1915 alieleza kwamba mnyama akihisi hatari, mwili wake hujiandaa kwa mambo mawili tu: kupigana au kukimbia. Moyo huongeza kasi. Damu hupungua kwenye ngozi na tumbo, ikapelekwa kwenye misuli mikubwa. Ini humwaga sukari kwenye damu ili misuli ipate nishati.

Cannon na mwenzake walifanya kipimo kimoja ninachokipenda sana. Mwaka 1913, baada ya mechi kubwa ya mwisho wa msimu ya timu ya Harvard ya futiboli ya Kimarekani, walipima mkojo wa wachezaji 25. Wachezaji 12 walikutwa na sukari kwenye mkojo. Utasema, sawa, wametoka kukimbia. Ngoja kwanza: kati ya hao 12, watano walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa! Walikaa benchi tu na wasiwasi wao, na miili yao ikajiandaa kwa vita ambayo hawakuipigana.

Sasa jitazame wewe na gitaa lako. Umekaa kwenye kiti, lakini mwili wako umepewa maandalizi ya kumkimbia simba. Kwa kukimbia, maandalizi hayo ni mazuri mno. Kwa kubonyeza uzi mwembamba mahali sahihi kwa ncha ya kidole ni balaa, maana vidole vimepoa kwa kupungukiwa damu, na misuli iliyojaa nguvu isiyotumika inatetemeka.

Kitasa kilichozibwa

Mwaka 1948, Raymond Ahlquist wa jimbo la Georgia alipendekeza kwamba adrenalini hufanya kazi kama ufunguo, na kwamba mwilini kuna vitasa vya aina mbili vinavyofunguliwa nayo. Alivipa majina ya alfa na beta. Kwa wakati huo wengi hawakulitilia maanani wazo hilo.

Aliyelichukua kwa uzito ni Mskoti James Black. Yeye hakuwa na habari na wanamuziki hata kidogo. Alikuwa akitafuta dawa ya wagonjwa wa moyo wanaobanwa na maumivu ya kifua. Akajiuliza: vitasa vya beta ndivyo vinavyouharakisha moyo, je, tukivichomeka kitu kinachofanana na ufunguo lakini kisichozunguka? Ufunguo halisi utakosa pa kuingia. Kutokana na wazo hilo ikapatikana propranololi, iliyoanza kutumika miaka ya 1960. Mwaka 1988 Black alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini vitasa vya beta haviko kwenye moyo tu. Vipo pia kwenye misuli, na huko vinahusika na kutetemeka kwa mikono. Unaona tunakoelekea?

Mwaka 1977, daktari Ian James na wenzake wa London walichapisha jaribio kwenye jarida la Lancet. Waliwachukua wapigaji 24 wa ala za nyuzi na kuwapa, kwa zamu, kidonge halisi cha kundi hilo la dawa (oksiprenololi) na kidonge kitupu. Si wapigaji wala waliowasikiliza waliojua nani amemeza kipi. Matokeo: wakiwa na dawa, hofu ilipungua na upigaji ukawa bora, na walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wakiteswa zaidi na hofu.

Hili linanigusa mimi kuliko yote. Dawa hiyo haimfundishi mtu wimbo, wala haimwongezei hata dakika moja ya mazoezi. Ilizuia tu mwili usipige kelele. Maana yake ni kwamba muziki ulikuwamo ndani yao muda wote.

Tahadhari kabla hujatoka mbio kwenda duka la dawa. Habari zilisambaa haraka. Katika uchunguzi wa mwaka 1987 miongoni mwa wanamuziki wa okestra za Marekani zaidi ya 2,000, asilimia 27 walisema wamewahi kutumia dawa hizi, na wengi wao walizitumia bila kuandikiwa na daktari. Propranololi inaweza kumbana vibaya mwenye pumu hadi ashindwe kupumua, kupunguza mno mapigo ya moyo, na kumfichia mwenye kisukari dalili za sukari kushuka. Usimeze kidonge ulichopewa na rafiki nyuma ya jukwaa. Kama hofu imekuzidi kabisa, muone daktari.

Somo kutoka kwa mende

Kuna tawi jingine la historia hii ambalo halihitaji kidonge. Mwaka 1898 Norman Triplett, wa Chuo Kikuu cha Indiana, aliona kwamba waendesha baiskeli huenda kasi zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao. Akajaribu kwa watoto 40 waliozungusha kigurudumu cha kuvulia samaki. Nusu yao walizungusha haraka zaidi walipokuwa na mwenzao. Wapo 10 ambao kwao haikuleta tofauti kubwa. Na 10 waliobaki walipata mhemko kupita kiasi, wakaharibu.

Kwa nini kuwepo kwa watu kumsaidie mmoja na kumharibia mwingine? Mwaka 1965 Robert Zajonc alitoa jibu: kuwepo kwa wengine huamsha mwili, na mwili ulioamka hutoa kile ulichokizoea zaidi. Kama ulichokizoea ni sahihi, utang'ara. Kama bado unababaisha, utababaisha zaidi.

Mwaka 1969 yeye na wenzake wakalipima wazo hilo kwa mende. Ndiyo, mende! Waliwawashia taa ili wakimbilie gizani, huku mende wengine wakiwatazama kutoka kwenye visanduku vyenye kuta za kupitisha mwanga. Kwenye njia iliyonyooka, mende mwenye watazamaji alikimbia haraka zaidi. Kwenye njia yenye kona, alichelewa zaidi. Na mende, tukubaliane, hana wasiwasi wa kusemwa kijijini.

Sasa fanya hivi

Kwanza, kwa ajili ya jukwaa, chagua wimbo ambao kwako ni njia iliyonyooka. Ule uliojifunza wiki iliyopita ni njia yenye kona, uache nyumbani. Kuupiga sawa mara moja hakutoshi. Upige mpaka kukosea ndiko kuwe kugeni.

Pili, uzoeshe mwili watazamaji kidogo kidogo. Leo mpigie dada yako, kesho marafiki watatu, wiki ijayo watu kumi. Kabla ya kuanza ruka ruka mpaka moyo uende mbio, kisha kaa upige. Vidole vijifunze kufanya kazi katika hali hiyo.

Tatu, badilisha maneno. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard aliwaimbisha watu karaoke. Waliosema kabla ya kuimba kwamba wana hamasa waliimba vizuri kuliko waliosema wana wasiwasi. Mapigo ya moyo wa hamasa na ya moyo wa hofu yanafanana. Jina unalipa wewe.

Casals je? Vidole vilipona, akarudi jukwaani. Novemba 1961, miaka 60 baada ya lile jiwe, alipiga selo Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Kennedy, akiwa na miaka 84. Uzeeni bado alikiri kwamba hofu kabla ya onyesho haikuwahi kumwacha. Alikuwa anakwenda nayo tu.

Kwa hiyo siku nyingine MC akitaja jina lako na mkono ukaanza kutetemeka, jua ni tezi mbili juu ya figo zinakuandaa kumkimbia simba ambaye hayupo. Ziache zifanye kazi yake. Wewe anza wimbo.