Tiketi ya bure ya daraja la kwanza, nani kailipia?

Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilikuwa na tatizo: wananchi hawakuitaka sarafu ya dola 1, walishazoea noti. Idara inayotengeneza sarafu ikaanza kuziuza kwa posta. Dola 1 kwa sarafu ya dola 1, usafirishaji bure, na ukitaka unalipa kwa kadi ya mkopo.

Umeuona mwanya? Wakusanyaji wa maili za ndege waliuona mapema. Waliagiza sarafu kwa maelfu, wakazipeleka benki zikiwa bado kwenye maboksi, kisha wakalipa deni la kadi kwa pesa hiyohiyo. Wakabaki na maili. Mwaka 2011 idara ikaacha kupokea kadi kwa sarafu hizo, mchezo ukaisha.

Lakini hebu jiulize, nani alilipia safari zile? Posta ililipiwa na serikali, na ada ya kadi vilevile. Yaani mlipa kodi anayepanda basi alimlipia mwenzake ndege.

Kadi hazikuanza hivi. Diners Club ya mwaka 1950, kule New York, ilikusaidia tu kula mgahawani bila kubeba pesa. Mambo yalibadilika mwaka 1978, serikali ilipoacha kupanga nauli na njia za ndege. Ushindani ukawa mkali, na mwaka 1981 American Airlines ikaanza kuwazawadia maili wateja wake wa mara kwa mara. Mwaka 1987 Citibank ikatoa kadi ya maili hizo. Kuanzia hapo ulichuma maili kwa kununua mkate. Benki inazinunua kwa shirika la ndege, inakugawia wewe.

Benki inatoa wapi hela? Riba na ada ya mwaka, ndiyo, lakini pia dukani. Ukilipa dola 100 kwa kadi, muuzaji hukatwa kama dola 2, wakati mwingine zaidi. Muuzaji naye si mjinga: anapandisha bei kwa wote, hata kwa anayelipa taslimu. Mwaka 2010 wachumi wa Benki Kuu ya Marekani, tawi la Boston, walikadiria kwamba kwa wastani kaya inayolipa taslimu huwachangia wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kaya inayotumia kadi hupokea dola 1,133. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015: asilimia 0.3 tu kwenda kwa benki iliyotoa kadi. Zawadi za huko zikasinyaa.

Marekani zikanenepa. Mwaka 2016 Chase ilitoa kadi ya ada ya dola 450 kwa mwaka na pointi 100,000 za kukukaribisha. Watu waligombania mpaka vyuma vya kutengenezea kadi vikaisha!

Sasa kama uko huko kimasomo, au una binamu anayekusifia kumbi za kifahari za uwanja wa ndege, swali la kwanza la kuchagua kadi ni hili: unamaliza deni lote kila mwezi? Riba huzidi asilimia 20 kwa mwaka, na zawadi hurudisha asilimia chache tu. Ukibakiza deni, wewe ndiye unayewasafirisha wengine. Ukimaliza, toa ada ya mwaka kwenye faida unazotumia kweli, si zilizoandikwa kwenye tangazo. Na maili zikitosha, safiri. Shirika la ndege linaweza kupandisha bei ya kiti kwa maili wakati wowote.