Jock Scott 1952: jeshi lilipotua Nairobi kimyakimya

Wadau, ukitaja Mau Mau wengi tunakumbuka Kimathi na msitu wa Aberdare. Kuna kipande shuleni tulikipita haraka sana: wakoloni walivyopanga nini kisemwe na nini kifichwe walipoleta askari wa nyongeza Kenya.

Gavana mpya, Sir Evelyn Baring, aliingia Nairobi mwishoni mwa Septemba 1952. Tarehe 7 Oktoba Chifu Waruhiu, mtu wa serikali kabisa, akapigwa risasi ndani ya gari lake. Siku mbili baadaye Baring akaiomba London ruhusa ya kutangaza hali ya hatari, na London wakakubali.

Ugumu ukawa hapa. Ukitangaza kwanza, unaotaka kuwakamata wanatoroka na wewe huna askari wa kutosha. Ukikaa kimya mno, walowezi wa kizungu waliokuwa wanapiga kelele kila siku watasema serikali imelala. Wakaamua hivi: askari kwanza, tangazo baadaye. Mpango wakaupa jina la Jock Scott, jina ambalo hata ukilisikia mtaani halikwambii kitu.

Jioni ya 20 Oktoba Baring akasaini. Batalioni ya Lancashire Fusiliers ililetwa kwa ndege kutoka eneo la Mfereji wa Suez, Misri. Askari wa Keya nao waliitwa kutoka Uganda, Mauritius na hapa kwetu Tanganyika (ndiyo, kuna mababu zetu walipelekwa kule). Usiku huohuo polisi wakaanza kugonga milango: Kenyatta, Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba, Oneko na wengine wengi. Wananchi walikuja kuambiwa tarehe 21, na siku hiyo Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, akalieleza Bunge kule London.

Sasa cheki walivyogeuka. Jana ilikuwa siri, leo wazungu wenye bunduki wanazungushwa mitaa ya Nairobi kwenye malori ili kila mtu awaone. Meli ya kivita HMS Kenya nayo ikatia nanga Mombasa. Jamani, meli inapanda mlima gani kumtafuta Mau Mau? Ilikuwa ya kuonekana tu: mlowezi atulie, Mwafrika aogope.

Na siri yenyewe ilivuja. Habari za msako zilitoka kabla, Dedan Kimathi na Stanley Mathenge wakaingia msituni. Waliokamatwa kirahisi ni wanasiasa waliokuwa wamelala majumbani kwao, wakiwemo wale wa msimamo wa wastani. Kwa maoni yangu hapo ndipo serikali ilipojimaliza, maana iliwafungia watu ambao ingeweza kuongea nao na kubaki na wale wa msituni. Mwaka 1953 ikabidi vikosi vingine viletwe kutoka Uingereza, na hali ya hatari ikaja kuondolewa Januari 1960.

Kuficha hakukuishia hapo. Kabla ya uhuru wa Desemba 1963 maafisa walichambua makaratasi yao. Mengine yalichomwa moto, mengine yakasafirishwa Uingereza na kufungiwa sehemu inaitwa Hanslope Park. Yalikuja kujulikana mwaka 2011, baada ya wazee wa Kenya waliopigwa na kuteswa kizuizini kuishtaki serikali ya Uingereza. Majalada kama 8,800 kutoka makoloni 37! Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500. Juni 2013 Uingereza ikasema inasikitika na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228.

Agizo la kutenganisha makaratasi hayo lilitoka London mwaka 1961. Lilisema serikali mpya zisiachiwe kitu chochote kinachoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, polisi, jeshi, au wale waliokuwa wakiwapelekea habari za wenzao.