Kutoka Msovero Hadi Maposeni: Mkono Uliotia Alama

Ndugu msomaji, ukifika Songea, Mkoa wa Ruvuma, uliza njia ya Maposeni. Hapo ndipo palipokuwa makao ya Nkosi Mputa Gama wa Wangoni. Tarehe 27 Februari 1906, katika Vita vya Majimaji, Wajerumani walimnyonga mjini Songea pamoja na wenziwe zaidi ya 60. Hata leo Songea huwakumbuka kila ifikapo siku hiyo.

Sasa turudi nyuma miaka 21 kamili. Tarehe 27 Februari 1885, huko Berlin, Kaisari alitia saini hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters. Na hati hiyo ilisimama juu ya nini? Juu ya makaratasi ya hila.

Mwishoni mwa 1884 Peters alishuka Unguja akijificha, akavuka bara. Kwa wiki chache tu akapita Usagara, Uzigua, Nguu na Ukami, mkononi zawadi, ulimini udugu. Kisha hutoa karatasi ya Kijerumani. Huko Msovero, Mangungo akatia alama. Kumbe karatasi yasema ametoa nchi yake milele, na kwamba hamjui hata Sultani wa Unguja! Sayyid Barghash alipopinga, manowari za Kijerumani zikatia nanga Unguja, Agosti 1885, naye akalazimika kukubali.

Ungoni haikutajwa katika makaratasi yale. Wajerumani walifika Songea mwaka 1897. Lakini mlango ulikwisha funguliwa, na kitanzi kikawafikia watu wasiopata kumwona Peters.

Ewe ndugu yangu, tapeli wa leo havuki bahari. Huingia kwa simu mpaka chumbani mwako. "Ile hela itume kwenye namba hii." Au hujifanya mtumishi wa kampuni ya simu, akakuuliza namba ya siri. Alama zake ni zile zile za Peters: udugu wa ghafla, haraka, na jambo usilolielewa.

Dini yetu imetukinga zamani. Sura ya Al-Hujurat yatuamuru tuichunguze habari aletayo mtu mwovu, tusije tukajuta. Na Al-Baqara yatuamuru tuandike madeni, kwa mwandishi mwadilifu na mashahidi. Basi kata simu, umpigie mwenyewe jamaa yako kwa namba unayoijua. Namba ya siri usimtajie mtu. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040.

Neno la mwisho. Watu humcheka Mangungo mpaka leo, na mwenye kudanganya husahauliwa. Tusifanye hivyo majumbani mwetu. Huenda mama yako mzee amekwisha tapeliwa, naye anaona haya kusema. Ukimcheka atanyamaza, na tapeli atarudi. Kaa naye kwa upole, umsikilize, umfundishe. Dhambi ni ya aliyeghushi.

Wabillahi tawfiq.