Krapf Hakurudi Kitui kwa Ajili ya Mlima

Kila linapotajwa bwawa la Thwake, linalojengwa pale Mto Thwake unapokutana na Athi, mpakani mwa Makueni na Kitui, hakosekani anayetabiri boti za starehe: watalii wakielea taratibu, chai mkononi, kama Waingereza wanavyofanya likizoni katika mifereji yao. Hakosekani pia wa kumcheka. Ukambani, atasema, ni nchi ya makorongo ya mchanga, na habari za vyombo vya majini ni za watu wa pwani. Huyo anayecheka ndiye ninayebishana naye, na shahidi wangu ni kitabu ambacho wengi hukinukuu bila kukimaliza.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa na kituo Rabai, alichapisha habari za safari zake kwa Kijerumani mwaka 1858, na kwa Kiingereza mwaka 1860. Ukurasa unaopendwa ni ule wa tarehe 3 Desemba 1849, alipouona Mlima Kenya akiwa Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu. Vitabu vya shule huishia hapo. Lakini Krapf alirudi mwaka 1851, na safari hiyo ya pili haikuwa ya mlima. Alinuia kufungua kituo Yatta, na mpango huo ulipovunjika baada ya wapagazi kumkimbia, akaelekea kwa Kivoi na haja moja kubwa: aonyeshwe mto anaouita Dana, ambao ni Tana wa leo.

Krapf aliutaka mto kwa sababu alitafuta barabara. Kusafiri kwa miguu kutoka Rabai kulimaanisha nyika isiyo na maji, wapagazi wa kubembelezwa kila asubuhi, na hofu ya kuvamiwa njiani. Mto unaoshuka kutoka mlima wenye theluji hadi Bahari ya Hindi ungeweza kuyaondoa yote hayo. Tena hakuwa anaota peke yake. Alikuwa ameongea na Rumu wa Kikandi, mtu wa Uembu, aliyemweleza kwamba maji hutiririka mlimani daima hadi kwenye ziwa, na kwamba mto huo hutoka humo. Habari hizi za kijiografia zilikuwa mali ya wafanyabiashara wa bara. Krapf alizikusanya tu.

Agosti 1851 wakaondoka Kitui, Kivoi akiongoza. Karibu na mto wakavamiwa na majambazi, Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake, kiu ikamfikisha mtoni, akanywa. Kwa kuwa hakuwa na chombo cha kubebea maji, aliyajaza katika mkoba wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa majani na kitambaa. Ndivyo utafiti wake wa njia ya maji ulivyokwisha.

Aliporudi, jamaa za Kivoi walimtupia lawama: ama angemkinga mwenyeji wake, ama angekufa naye. Waandishi wengi wameipita kauli hiyo kama ushirikina au uchu wa kisasi. Mimi naiona ina mantiki. Kivoi alikuwa ametoa watu wake na jina lake kumsindikiza mgeni aliyesifika kwa nguvu zisizo za kawaida, na njiani usalama huwa wa wote au si wa yeyote. Mgeni amepona, tajiri amelala porini, nani asingeuliza? Krapf alitoroka usiku, akafika Rabai akiwa hoi.



Chini kabisa, kwenye delta ya Tana, hoja ya Krapf ilikuwa imeshajibiwa na wenyeji. Mfereji wa Belezoni, uliochimbwa katika karne ya 19 chini ya watawala wa Witu, uliunganisha Tana na Mto Ozi ili mitumbwi yenye mazao ifike Kipini. Mwaka 1889 ushuru wa mfereji huo ulizua mzozo kati ya Witu na Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki, na baadaye Tana wenyewe ukaufuata mfereji na kuhamishia mlango wake Kipini. Mwaka 1891 Kampuni ikapeleka meli ya mvuke iitwayo Kenia, chini ya Kamanda Dundas, ikipanda Tana hadi Hameye, chini ya maporomoko. Kutoka hapo msafara uliendelea kwa miguu.

Uingereza ilikuwa na dawa ya kikwazo cha namna hiyo tangu zamani: chumba cha mawe chenye milango pande zote mbili, chombo kinaingia, maji yanajazwa au kupunguzwa, nacho kinapanda au kushuka kama mtu kwenye ngazi. Mfereji wa Bridgewater ulifunguliwa mwaka 1761 kwa ajili ya makaa ya mawe, si kwa likizo. Boti zile nyembamba, zenye upana wa mita 2 na ushee, zilikuwa malori ya siku zake. Reli ilipozinyang'anya kazi, mifereji ikazidi kudorora, na ni baada ya L. T. C. Rolt kuchapisha kitabu chake Narrow Boat mwaka 1944 ndipo starehe ilipopata watetezi.

Hapa kwetu reli haikusubiri biashara ya mto ikue. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Kibwezi na Makindu, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na swali la Tana likafungwa kabla ya mlango mmoja wa maji kujengwa. Miongo iliyofuata ilizidi kulifunga kwa saruji: Kindaruma mwaka 1968, Masinga mwaka 1981, Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo yalijengwa kwa ajili ya umeme.

Kwa hiyo anayetabiri boti Thwake hasemi upuuzi, ingawa anachanganya mambo mawili. Likizo ya mifereji ni mwendo: unalala mji huu, kesho unaamkia mwingine. Bwawa la Thwake limepangiwa ukuta wa mita 80.5 na ujazo wa mita za ujazo milioni 688, kwa maji ya kunywa, umwagiliaji na umeme. Boti itazunguka bwawani na kurudi ilikotoka. Athi utaendelea chini ya ukuta kuelekea Galana na Sabaki bila abiria, na njia aliyoitafuta Krapf ipo upande wa pili wa Kitui, kwenye Tana.