Ukomo wa Mishahara Una Historia

Mwanafunzi wangu mmoja hupenda kucheza Madden NFL, mchezo wa kompyuta unaoiga ligi ya futiboli ya Marekani. Juzi nilimkuta akiwaachisha kazi wachezaji watatu kwa kubonyeza kitufe. Nilipouliza kosa lao, alijibu: "Hawana kosa, mwalimu. Tumefikia ukomo wa mishahara." Aliutaja ukomo huo kama mkulima anavyotaja ukame.

Lakini ukame huja wenyewe. Ukomo uliwekwa na watu. Kwa miongo mingi mchezaji wa NFL alibanwa na klabu yake hata baada ya mkataba kwisha. Tangu 1963, klabu iliyomchukua ilipaswa kuifidia ile ya zamani, na zisipoelewana, kamishna Pete Rozelle ndiye aliyeamua fidia. Mwaka 1976 John Mackey na wenzake waliishinda kanuni hiyo mahakamani, lakini vizuizi vikarudi kwa sura nyingine. Mwaka 1987 wachezaji waligoma kwa siku 24 wakidai uhuru wa kuhama. Wamiliki waliajiri wachezaji wa muda, na mgomo ukavunjika. Wachezaji wakarejea mahakamani. Septemba 1992, katika shauri la Freeman McNeil mjini Minneapolis, ilitamkwa kwamba vizuizi vilivyokuwapo vilikiuka sheria ya ushindani.

Hapo ndipo wamiliki walipokubali mapatano. Mwaka 1993 wachezaji walipata uhuru wa kuhama, na Reggie White, ambaye jina lake liliongoza shauri jingine dhidi ya ligi, akajiunga na Green Bay Packers kwa dola milioni 17 kwa miaka minne. Wamiliki nao walipata ukomo: kuanzia 1994, mishahara ya kila klabu isizidi dola milioni 34.6. Ukomo, basi, ndio bei iliyolipwa kwa uhuru.

Mchezo wa kompyuta umehifadhi hesabu ya mapatano hayo na kuyafuta mapambano yaliyoyazaa. Humketisha kijana katika kiti cha mwajiri, akajifunza kupunguza watu. Sijaona humo kitufe cha kugoma wala cha kufungua shauri.

Ndugu msomaji, uwe mtumishi wa umma au mwanaharakati, utakapoambiwa tena kwamba bajeti hairuhusu, usianze na hesabu. Uliza kwanza: siku ukomo huo ulipopangwa, ni nani walioketi mezani, na nani waliachwa nje ya mlango?