Maneno ya ordinateri yalitoka wapi

Siku ya kwanza ya masomo ya informatiki, maneno huja kwa kundi: ordinateri, programu, algoritimu, bukle, bagi. Mwalimu anayaandika ubaoni kwa Kifaransa, wanafunzi wanayanakili katika kaye, na siku ya pili viti vingine viko wazi. Mara nyingi si hesabu iliyowashinda. Ni maneno. Kijana aliyekimbia Masisi ao Rutshuru, akakatisha masomo miaka miwili, akisikia neno asilolielewa anaweza kudhani kwamba kazi hii ni ya watu wengine. Lakini ukifuata historia ya maneno hayo, unakuta yametoka kwa mafundi wa nguo, kwa mdudu mmoja, hata kwa padri na askofu.

Neno algoritimu ni jina la mtu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad katika karne ya 9, wakati wa khalifa al-Ma'mun. Jina lake lina maana ya mtu wa Khwarezm, inchi ya mbali huko Asia ya Kati. Mjini Baghdad alijulikana kwa jina la asili yake, kama vile leo katika kambi mtu anavyoitwa kwa jina la kijiji alichokimbia. Aliandika kitabu juu ya al-jabr, neno lililozaa aljebra ya mashuleni. Aliandika kingine juu ya namna ya kuhesabu kwa tarakimu za Wahindi, pamoja na sifuri. Katika karne ya 12 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, na jina lake likageuka kuwa Algorismi. Watu wa Ulaya walilitumia kwa ile njia yenyewe ya kuhesabu, na baadaye kwa kila njia inayofuata hatua moja baada ya nyingine hadi jibu lipatikane.

Hata sifuri ya Kiswahili ilitoka kwa Waarabu, kwa neno sifr, yaani kitu kitupu. Neno hilo hilo lilipita Ulaya na kuzaa mawili ya Kifaransa, zéro na chiffre. Kwa hiyo mtoto wa Kivu anayesema sifuri nyumbani na zéro shuleni anatamka neno moja lililosafiri kwa njia mbili.

Kufahamu algoritimu hakuhitaji mashine. Tazama siku ya kugawa chakula. Mgawaji anashika liste, anasoma jina la kwanza. Kama mwenye jina yupo na ana jetoni, anapewa unga. Kama hayupo, jina linawekewa alama. Kisha jina la pili, la tatu, hadi liste iishe. Hiyo ni algoritimu kamili. Ile “kama” ni sharti. Idadi ya mifuko iliyobaki, inayopungua kila mara, ndiyo wanayoita kibadilika. Na kule kurudia kazi ile ile kwa kila jina ni bukle, ao kitanzi kwa Kiswahili. Ukiandika hatua hizo kwa luga ambayo mashine inaifuata, umeandika programu.

Wazo la kuamuru mashine kwa hatua zilizoandikwa lilianza kwenye nguo. Mwaka wa 1804, huko Lyon, Ufaransa, Joseph Marie Jacquard alitengeneza mtambo wa kufuma unaosoma kadi zenye matundu, na matundu ndiyo yaliamua uzi upi unainuka. Mwingereza Charles Babbage aliazima kadi hizo kwa mashine yake ya kuhesabu, ambayo hakuimaliza. Mwaka wa 1843 Ada Lovelace alitafsiri makala iliyoandikwa kwa Kifaransa juu ya mashine hiyo, akaongeza maelezo yake marefu kuliko makala yenyewe. Ndani yake alionyesha hatua kwa hatua, pamoja na kundi la hatua za kurudiwa, jinsi mashine ingepata hesabu ngumu. Aliandika programu miaka mia moja kabla ya mashine ya kuifuata kuwako.

Neno kompyuta, kwanza, lilikuwa cheo cha mtu: mfanyakazi anayefanya hesabu kwa mkono. Mashine ENIAC, iliyoonyeshwa watu huko Philadelphia mwaka wa 1946, ilipangiwa kazi na wanawake sita, wengi wao waliotoka katika kazi hiyo ya kuhesabu. Walichomeka nyaya na kugeuza swichi kwa kila hesabu mpya. Miaka mingi ilipita kabla ya majina yao kutajwa.

Kuhusu bagi, maana yake ni mdudu. Tarehe 9 Septemba 1947, Chuo Kikuu cha Harvard, mashine iitwayo Mark II ilikosea kazi. Mafundi walipochunguza walikuta nondo, yule kipepeo wa usiku, amenasa ndani. Walimbandika katika daftari la kazi, na daftari hilo limehifadhiwa Marekani hadi leo. Wengi husema ni Grace Hopper aliyemkamata. Sivyo: alikuwa katika kundi hilo, na ndiye aliyependa kuisimulia habari. Neno lenyewe lilikuwa la zamani zaidi; Thomas Edison alilitumia kwa kasoro za mitambo yake mwaka wa 1878. Siku hizi mdudu hana mabawa. Ni herufi moja iliyokosewa katika liste, na mama mwenye watoto watano anaambiwa jina lake haliko. Mwenye kujua neno bagi anaweza kuuliza kosa liko wapi, badala ya kurudi hemani mikono mitupu akiamini mashine haikosei.

Ordinateri nayo ilizaliwa kwa barua. Mwaka wa 1955 kampuni ya IBM huko Ufaransa ilitafuta jina la mashine yake mpya, ikamwuliza Jacques Perret, profesa wa Kilatini wa Sorbonne. Tarehe 16 Aprili alijibu kwa kupendekeza ordinateur, neno la kale lililomtaja Mungu anayeweka mpango duniani. Hofu yake ilikuwa kwamba lilikuwa karibu mno na ibada ya askofu ya kuweka mapadri.

Kiswahili hakikukaa bure. Kenya walipata tarakilishi, ingawa wengi hubaki na kompyuta. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa mwaka wa 2004 programu za ofisi za OpenOffice zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, na watafsiri walilazimika kuchagua neno moja moja.

Amri zenyewe za programu bado ni za Kiingereza. Katika luga ya Python, inayofundishwa sana kwa wanaoanza, if ni kama, else ni la sivyo, while ni wakati. Maneno ya aina hiyo katika Python ni kama 35 hivi. Yanatosha katika ukurasa mmoja wa kaye.