Njia ya Jirani

Mtu aliyekwama katika msongamano wa magari hutazama njia ya jirani. Akiiona inakwenda, moyo humuuma. Akiiona tupu, hukasirika kabisa. Mimi pia ni mmoja wao, na ndiyo sababu kisa cha Santa Monica hunirudia kila ninaposhika usukani.

Wazo la kutenga njia ni la haki: tuhesabu watu, tusihesabu magari. Basi lenye abiria hamsini lina haki ya kupita kabla ya gari la mtu mmoja. Mwaka 1969 Wamarekani walifungua njia za mabasi katika barabara kuu ya Shirley, itokayo Virginia kwenda Washington. Zilikuwa njia mpya. Hakuna aliyepokonywa kitu. Mwaka 1973 magari yenye watu wanne au zaidi yakaruhusiwa pia. Huko New Jersey, tangu mwaka 1970, mabasi yaendayo New York asubuhi huazima njia moja ya upande wa pili, ambako magari ni machache saa hizo.

Los Angeles ilifanya vingine. Tarehe 15 Machi 1976, katika barabara kuu ya Santa Monica, njia iliyokuwa ya wote ilitengwa, asubuhi na jioni, kwa mabasi na magari yenye watu watatu au zaidi. Abiria wa mabasi waliongezeka, na wengi wakaanza kuchukuana. Lakini waliobaki peke yao garini walisongamana zaidi, huku njia waliyoitumia jana ikionekana karibu tupu. Kelele zikazidi, kesi ikafunguliwa, na mwezi Agosti jaji akasimamisha mpango ule kwa kuwa athari zake kwa mazingira hazikuchunguzwa kwanza kama sheria ilivyotaka.

Zamani niliwalaumu wenye magari kwa uchoyo. Siku hizi nasita. Binadamu hupima haki kwa kile kilichomtoka mkononi, na anayetaka kugawa upya mali ya wote hana budi kueleza na kusikiliza kabla ya kuchora mstari barabarani.

Hata hivyo, si kila mji una nafasi ya kujenga njia mpya. Kuna siku itabidi mtu atoe. Siku hiyo tukumbuke kwamba njia tupu tunaiona upesi, lakini viti vitupu vya magari yetu wenyewe hatuvioni.